Cadillac ya Baba na Vumbi la Gerejini

Cadillac ya mwaka 1959 huwezi kuichanganya na gari jingine: bampa za kromu, mapezi marefu nyuma, na kwenye kila pezi taa mbili nyekundu zilizochongoka mfano wa risasi. Wapo wakusanyaji Marekani wanaoyapenda zaidi magari ya enzi hiyo yakiwa yamebadilishwa umbo na mafundi wa California.

Risasi yenyewe huwa imo ndani. Fundi wa miaka ya 1950 akishakata paa ili kulishusha, aliziba maungio kwa madini ya risasi yaliyoyeyushwa, kisha akasawazisha kwa tupa. Hata rangi za zamani mara nyingi zilikuwa nayo.

Basi mzazi anayepiga msasa gari hilo huingia sebuleni na vumbi kwenye nguo na viatu, na mtoto anayetambaa hulipeleka mdomoni. Kwa mtoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Huathiri ubongo, mara nyingi bila dalili. Kipimo cha damu ndicho huonyesha.

Lowesha unapopiga msasa, usifagie vumbi kavu, vua nguo hukohuko gerejini, oga kabla ya kumbeba mwanao.

Na matembezi ya Jumapili je? Sheria ya Marekani ililazimisha mikanda kwenye magari mapya kuanzia 1968. Katika mengi ya kabla ya hapo, kiti cha mtoto hakina pa kufungwa.