Metali yenye ufundi na mwimbaji anayeimba kweli: uanzie wapi?

Hapa Dodoma upepo na vumbi kama kawaida.

Leo naandika kwa ajili ya yule kijana aliyekaa kafe, kalipia saa lake moja, anatafuta hevi metali. Kasikia gitaa la mwanzo, mwili umesisimka, kashusha wimbo mzima. Sekunde ya arobaini anatokea jamaa anaunguruma kama fisi aliyenyang'anywa mzoga! Mpaka mwisho. Saa limekwisha, hela imekwenda, na alichotaka yeye ni gitaa la kichawi pamoja na mtu ANAYEIMBA. Hayo yalinipata mimi sijui mara ngapi mwaka niliomaliza fomu foo.

Sina ugomvi na wanaounguruma, tusije tukaanza kutukanana hapo chini. Duma wa Nairobi walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ni mayowe mwanzo mwisho, na dunia nzima iliwasikia. Safi sana. Ila kama unatafuta melodi, pale hutaipata, na si kosa lao.

Kwanza tuelewe kwa nini mambo yako hivi. Gitaa la metali limekoroga sauti na mara nyingi limelegezwa nyuzi liende chini, kwa hiyo linajaza nafasi yote ya chini na ya kati. Mwimbaji anabaki na njia mbili. Ama apande juu ya gitaa kabisa, kama Rob Halford wa Judas Priest au Bruce Dickinson aliyeingia Iron Maiden mwaka 1981. Ama aache noti, sauti yake iwe kama ngoma nyingine. Wa deth metali wakachagua hii ya pili. Kuunguruma nako kuna ufundi wake, wanaojua hawaharibu koo. Lakini huwezi kukuimba bafuni.

Sasa kisa changu. Nyumbani tuna vyumba viwili na sebule, na mama alishasema hiyo flashi ataitupa jikoni kwenye moto, maana anachosikia humo ni mashetani. Hakuwa anatania. Flashi yenyewe ilikuwa na kila kitu changu, mpaka barua za kuombea kazi. Baba ni mwalimu wa kwaya, mtu wa do-re-mi ubaoni, mkimya. Jioni moja nikamwomba asikilize wimbo mmoja tu kabla hawajakata shauri. Nikaweka "Schism" ya Tool, iko kwenye albamu ya Lateralus, 2001. Mwimbaji ni Maynard James Keenan, anaimba taratibu kama mtu anayekuambia siri.

Baba akaanza kugonga meza kwa kidole. Akakosea. Akaniambia rudia. Mara ya tatu akasema, "Tano. Halafu saba. Mwanangu, hawa wanahesabu." Ndivyo ulivyo ule wimbo: mapigo matano, kisha saba, wakati nyimbo nyingi za redioni zinakwenda kwa manne. Na wimbo wenye jina la albamu yenyewe, "Lateralus", silabi za maneno zinafuata namba za Fibonacci: 1, 1, 2, 3, 5, 8. Waliolala kwenye kipindi cha hesabu poleni. Flashi ikapona, kwa sharti la kutumia spika za masikioni.

Huo mchezo wa kuhesabu ndio unaoitwa progresivu metali, na hilo ndilo jina unalotakiwa kulijua. Ukiandika "heavy metal" peke yake kwenye sehemu ya kutafuta unaletewa kila kitu, fisi na swala pamoja. Andika "progressive metal", kisha ongeza "clean vocals". Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo wenyewe wanayotumia wakimaanisha sauti inayoimba. Ukikuta "harsh vocals" au "growls", ujue ni kule kwingine. Kuna tovuti ya Encyclopaedia Metallum, ipo tangu 2002, inapanga bendi kwa nchi na kwa aina. Ni maandishi tu, haili bando. Soma maoni ya watu kuhusu albamu kabla hujashusha chochote.

Hesabu ya bando pia: mp3 ya kawaida ya 128 inakula kama MB 1 kwa dakika. Albamu ya dakika 57 ni kama MB 55. Video inakula zaidi ya hapo, mara nyingi sana. Na usijaribu wimbo kwa sekunde za mwanzo, mwanzo unadanganya! Ruka mpaka dakika ya pili, hapo mwimbaji atakuwa ameshajitambulisha.

Haya, majina. Dream Theater ndio mlango mkuu. Walianza 1985 wakiwa wanafunzi wa chuo cha muziki cha Berklee kule Boston, Marekani. Anza na Images and Words ya 1992, mwimbaji James LaBrie, wimbo wa kwanza "Pull Me Under", dakika nane na ushee na huoni zinavyokwisha. Ukizoea nenda Scenes from a Memory ya 1999. Humo kuna "The Dance of Eternity", haina mwimbaji, dakika kama sita, na mapigo yanabadilika zaidi ya mara 100. Nilijaribu kuyahesabu, nikaumwa kichwa. Mpiga dramu wao Mike Portnoy aliondoka 2010, akarudi 2023, na 2025 wakatoa Parasomnia, kwa hiyo si muziki wa makaburi huu.

Symphony X: Michael Romeo kwenye gitaa na Russell Allen kwenye sauti. Huyu Allen ana kifua, kwaya yoyote ya Dodoma ingempokea Jumapili hiyohiyo. The Odyssey ya 2002 ina wimbo wa dakika 24 unaosimulia safari ya Odysseus. Queensrÿche wana Operation: Mindcrime ya 1988, hadithi moja albamu nzima. Fates Warning na Pain of Salvation ya Sweden watafute baadaye.

Sasa mtego. Opeth ya Sweden. Mtu atakuambia "Opeth wanaimba vizuri sana", na hadanganyi. Ila 2002 walitoa Deliverance, yenye kuunguruma kwingi, na 2003 wakatoa Damnation, ambayo haina hata muungurumo mmoja. Bendi moja, zilirekodiwa kipindi kimoja, unaweza kuangukia pabaya. Chukua Damnation. Tangu Heritage ya 2011 waliacha kuunguruma kwa miaka kadhaa, wakaja kurudia 2024. Kwa hiyo kwa Opeth angalia mwaka kwanza.

Kuna kisa kimoja nakipenda. Chuck Schuldiner wa Marekani, bendi yake iliitwa Death, na albamu yao ya 1987 ni kati ya zilizoanzisha hiyo deth metali yenyewe. Baadaye jamaa akataka mwimbaji wa melodi juu ya gitaa lake gumu. Akaunda Control Denied, akamweka Tim Aymar kwenye sauti, wakatoa The Fragile Art of Existence mwaka 1999. Chuck akafariki Desemba 2001 kwa uvimbe kwenye ubongo, ana miaka 34. Ile ndiyo albamu pekee waliyokamilisha. Kama unadhani kutaka melodi ni ulaini, kamuulize aliyeanzisha mayowe.

Na Afrika je? Botswana wapo Skinflint, metali ya kizamani yenye mizimu na hadithi za Kiafrika. Lakini kwa ufundi na sauti, nenda Tunisia kwa Myrath. Jina lao ni lilelile neno letu, mirathi. Zaher Zorgati anavuta sauti kwa mikunjo ya Kiarabu, mtu aliyekulia na taarabu hatapata shida hata kidogo. Tales of the Sands ya 2011, Legacy ya 2016, Karma ya 2024.

Anayesema haya mambo ni ya Wazungu tu nina swali kwake. Lile gitaa zito la metali mara nyingi ni noti mbili tu pamoja, do na so, umbali wa tano. Wagogo wakiimba, sauti zao zinatembea sambamba kwa umbali wa nne na wa tano. Baba ndiye aliyenionyesha, kwa mdomo tu, bila gitaa. Na Hukwe Zawose, mtu wa hapahapa Dodoma aliyefariki 2003, alikuwa anashuka na sauti mpaka inaunguruma kisha anapanda juu kama filimbi, vidole vikiwa kwenye ilimba. Albamu yake Chibite ya 1996 ilitolewa na Real World, lebo ya Peter Gabriel. Na huyo Gabriel ndiye aliyekuwa mwimbaji wa Genesis mpaka 1975, moja ya bendi zilizojenga ile roki ya progresivu ambayo kina Dream Theater waliikuta. Freddie Mercury aliyezaliwa Zanzibar 1946 mnamjua, ila wengi hawajui kwamba Metallica waliurudia wimbo wa Queen, "Stone Cold Crazy", mwaka 1990. Usikilizeni ule wa Queen wa 1974 kwanza.

Mama bado hataki. Baba juzi kaniuliza kama yule wa Tunisia ana nyingine.

Mwenye kujua bendi ya Bongo inayocheza hivi, na mtu akaimba, aitaje hapo chini. Mimi natafuta bado.