Chupa za Wino na Ndoto ya Picha 7,500

Mahafali ya Chuo Kikuu cha Mount Kenya yakikaribia, wauza kompyuta mjini Thika hujua swali litakalowajia: "Nikinunua printa ya tanki, si nitajichapishia picha zote nyumbani nisahau laba?" Ruiru nako huulizwa hivyo hivyo baada ya kila ruracio, sherehe ya mahari. Muulizaji huwa ameshaweka kidole kwenye kasha, palipoandikwa kurasa 7,500 za rangi.

Kasha halidanganyi. Linasema kurasa, halisemi picha! Epson inapotangaza kwamba chupa za wino za printa yake ya tanki, L3250, hutoa kurasa 4,500 nyeusi na 7,500 za rangi, hesabu hiyo inatokana na kurasa za majaribio za ISO/IEC 24712: maandishi, michoro, na weupe mwingi ambao haujaguswa na wino. Picha ya harusi haina weupe wa namna hiyo. Hata gauni la bibi harusi limejaa vivuli. Picha ya 4R, yaani sentimita 10 kwa 15, ni karibu robo ya karatasi ya A4, na yote hufunikwa kwa rangi, ukingo hadi ukingo. Ndiyo sababu picha zina kipimo chao tofauti, ISO/IEC 29102. Anayegawanya bei ya chupa kwa 7,500 amepata gharama ya kuchapisha barua za chama, basi.

Tena si wino wote unaofika kwenye karatasi. Printa ikikaa wiki kadhaa bila kazi, matundu ya kichwa cha kuchapishia hukauka na picha hutoka na mistari. Mwenyewe anaamuru kichwa kisafishwe, mara moja, mara ya pili, mara ya tatu, na wino alioulipia unaishia kwenye sponji la taka ndani ya mashine. Sponji likijaa, printa inagoma.

Halafu kuna bei ya printa yenyewe, ambayo watu huisahau kimiujiza. Tuseme imenunuliwa kwa shilingi 25,000, na familia inachapisha picha 100 kwa mwaka kwa miaka 5. Hizo ni picha 500: shilingi 50 kwa kila picha, kabla ya kununua karatasi ya picha wala tone la wino. Laba ikitaja bei ya 4R iliyo chini ya hapo, mjadala umekwisha.

Laba ya kemikali haitumii wino kabisa. Karatasi yenye chembe za fedha humulikwa kwa leza, kisha hupitishwa kwenye dawa. Mashine ni ghali na dawa huharibika kazi ikipungua, lakini gharama hizo hubebwa na picha za mji mzima.

Kwa hiyo: albamu ya harusi au mahafali, laba. Pasipoti mbili, studio ya jirani. Anayetaka picha papo hapo kwenye sherehe achukue printa ya Canon Selphy, kwa kuwa utepe wake wa rangi na karatasi huuzwa pamoja, kwa mfano pakiti ya picha 108, na gharama ya kila moja inajulikana mapema. Printa ya tanki inamfaa anayechapisha kila siku, mathalani mwenye saiba anayepanga pasipoti 8 kwenye karatasi moja ya 4R. Na anayetuma picha laba kwa WhatsApp azitume kama dokumenti, la sivyo zitafika zimebanwa na fundi atalaumiwa bure.