Paneli nyembamba za sola hutengenezwaje, na kwa nini nyingine hufifia mapema?

Ndugu msikilizaji wa Mngeta, ukishauza mpunga na kuingia dukani kutafuta sola, unaweza kukutana na paneli za aina mbili. Moja ina vipande vilivyopangwa kama vigae. Nyingine ni kioo kimoja cheusi au cha kahawia chenye mistari myembamba tu. Hiyo ya pili ni ya utando.

Paneli ya kawaida huanzia kwenye tofali la silikoni linalokatwa vipande vyembamba. Ya utando haina cha kukata. Kioo huoshwa, hupashwa moto, kisha huingizwa kwenye chumba kilichonyonywa hewa, ambamo mvuke wa kemikali hutua juu yake kama masizi kwenye chemni. Utando wenyewe ni mwembamba kuliko unywele zaidi ya mara kumi. Leza huuchana kuwa seli nyingi, halafu kioo cha pili hufunika. Kampuni ya First Solar ya Marekani hugeuza kioo kitupu kuwa paneli kamili kwa saa nne hivi.

Ila mitambo yake ni ghali, na kiwanda kidogo hakilipi. Solyndra ya California ilifilisika mwaka 2011, silikoni iliposhuka bei. Kiwanda cha Naivasha, Kenya, chenyewe huunganisha seli za silikoni zinazoagizwa nje.

Kenya inatuhusu zaidi kwa jambo jingine. Miaka ya 1990 familia nyingi za vijijini huko zilinunua paneli za utando za wati 10 hadi 14, kwa taa na televisheni ndogo. Utando wa aina ile hupoteza sehemu ya nguvu yake miezi ya kwanza juani, kisha hutulia. Hilo ni umbile lake, si ubovu. Lakini watafiti walipopima mwaka 1999, walikuta nyingine zinafanya kazi vizuri na nyingine ziko chini sana ya wati zilizoandikwa. Kwa macho zilifanana, na mnunuzi angejuaje?

Basi kabla hujalipa, mwombe fundi apime ampea saa sita mchana, jua likiwa wazi. Asiishie kwenye volti, maana paneli iliyochoka huweza kuonyesha volti nzuri tu. Paneli ya wati 14 ya betri ya volti 12 inapaswa kukaribia ampea 1. Muulize muuzaji pia kama wati alizoandika ni za siku ya kwanza au za baada ya kutulia.

Ikipasuka, usiitupe jarubani. Baadhi ya paneli hizi zina kadimiamu, ambayo ni sumu.