Michezo ya ‘bure’ mtandaoni yaweza kumgharimu mkulima bonasi

IFIKAPO Oktoba, mazungumzo katika vituo vya kununulia majani chai kote Kericho na Bomet huwa ni ya bonasi. Mkulima anayepeleka majani yake katika viwanda vya Momul, Litein, Kapkoros au Tirgaga hulipwa kiasi fulani kila mwezi, kisha hungoja malipo ya mwisho wa mwaka ili alipe karo, anunue mbolea na kupunguza madeni. Sehemu ya fedha hizo hatimaye huingia katika simu ya mkononi kupitia M-Pesa. Simu hiyo hiyo, jioni ifikapo, huwa mikononi mwa mtoto anayecheza mchezo ambao ameambiwa ni wa bure.

Je, mchezo huo ni wa bure kweli? Na ikiwa mchezaji halipi, aliyeutengeneza hupata wapi riziki yake?

Michezo inayozungumziwa hapa ni ile ya kuigiza wahusika katika ulimwengu wa kubuni. Mchezaji hujichagulia mhusika, awe shujaa wa upanga, mpiga mishale au mchawi, kisha humwongoza katika falme zenye majoka, mapango na hazina zilizofichwa. Kila adui anayeshindwa na kila kazi inayokamilishwa humwongezea mhusika nguvu na kumpandisha daraja. Kwa kuwa mchezo huchezwa kwenye intaneti, maelfu ya watu walio katika mataifa mbalimbali hukutana humo, wakashirikiana, wakafanya biashara na kupigana.

Simulizi za aina hii si ngeni kwa watoto wa nyanda hizi. Vizazi vingi vya Wakalenjin vimesikia kando ya moto habari za Chemosit, zimwi la mguu mmoja ambalo kinywa chake huangaza usiku kama taa. Tofauti ni kwamba nyanya anayesimulia hadithi huimaliza na kuwaambia watoto wakalale. Mchezo wa mtandaoni umeundwa ili usiwe na mwisho.

Asili ya michezo hii ni Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani uliochapishwa Marekani mwaka wa 1974. Mwaka wa 1978, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza kuunda mchezo wa kompyuta ambamo watu kadhaa wangeweza kuingia katika ulimwengu mmoja kwa wakati mmoja. Kufikia mwisho wa miaka ya tisini, michezo kama Ultima Online na EverQuest ilikuwa na wafuasi wengi, lakini iliwatoza ada kila mwezi. World of Warcraft, uliozinduliwa mwaka wa 2004, ulitoza takriban dola 15 kwa mwezi.

Mfumo wa kuingia bila malipo ulishika kasi hasa nchini Korea Kusini, ambako kampuni ya Nexon iligundua kuwa yaweza kufungua mlango kwa wote, kisha ikauza mavazi na vifaa vya wahusika. Nchini Uingereza, RuneScape, ulioanzishwa Januari 2001 na Andrew Gower na nduguye Paul, ulifuata njia ya kati: sehemu moja ya ulimwengu wake ilibaki wazi kwa kila mtu, na kuanzia mwaka wa 2002 sehemu nyingine ikawa ya wanachama wanaolipa. Mchezo wa Lord of the Rings Online, uliotokana na vitabu vya J.R.R. Tolkien, ulianza kwa ada mwaka wa 2007. Ulipoondoa sharti hilo mwaka wa 2010, wenyewe walitangaza kuwa mapato yao yalikuwa yameongezeka badala ya kupungua.

Ongezeko hilo lina sababu zake. Wachezaji wengi katika mfumo huu hawatoi hata senti. Wachache hutoa kidogo, na wachache zaidi hutoa fedha nyingi mno. Ada ya kila mwezi ina kikomo, kwa maana aliye tajiri na aliye maskini hulipa sawa. Duka lililo ndani ya mchezo halina kikomo.

Hata hivyo, mchezaji asiyelipa si mzigo kwa kampuni. Yeye ndiye umati wa sokoni. Anayenunua upanga wa dhahabu anahitaji watu wa kuuona, wa kushindana naye na wa kujaza vikosi vya kwenda vitani. Pasipo umati huo, upanga huo hauna thamani yoyote. Kwa hivyo asiyelipa kwa fedha hulipa kwa muda wake na kwa kuwapo kwake.

Mchumaji wa majani chai ataelewa jambo hili upesi. Yeye huchuma majani mawili na chipukizi, hurudia kitendo hicho mara elfu, na jioni kilo zake hupimwa. Katika mchezo pia kuna kuchuma: kukata miti ileile, kuchimba madini yaleyale na kuua wanyama walewale hadi mhusika apande daraja. Kampuni ndiyo inayoamua kazi hiyo ichukue saa ngapi, na kampuni hiyo hiyo ndiyo inayouza njia ya mkato.

Kwa sababu hii, michezo mingi huwa na sarafu mbili. Ya kwanza hupatikana kwa jasho, nayo hununua vitu vya kawaida. Ya pili hupatikana kwa nadra ndani ya mchezo, lakini huuzwa kwa fedha halisi. Fedha zikishageuzwa kuwa almasi au fuwele, mnunuzi husahau upesi kwamba anatumia shilingi.

Njia inayozua malalamiko zaidi ni ile ya bahati nasibu, ijulikanayo kwa jina la Kijapani, gacha. Mchezaji hanunui mhusika anayemtaka, bali hununua nafasi ya kujaribu kumpata. Katika Genshin Impact, mchezo wa kampuni ya Kichina ya miHoYo uliozinduliwa Septemba 2020, uwezekano wa msingi wa kupata mhusika wa daraja la juu ni asilimia 0.6 kwa kila jaribio. Maana yake ni kuwa, kati ya watu 100 wanaojaribu mara 10 kila mmoja, takriban 94 huondoka bila mhusika huyo. Mchezo humhakikishia mchezaji mhusika wa daraja hilo afikapo jaribio la 90.

Mvumilivu aweza kukusanya majaribio hayo kwa kucheza miezi kadhaa bila kulipa. Asiye na subira atanunua fuwele, na kifurushi kikubwa chenye fuwele 6,480 huuzwa kwa karibu dola 100. Kila jaribio humeza 160. Majaribio 90, kwa bei hiyo ya kawaida, hugharimu takriban dola 220. Tukikadiria dola moja kwa Sh130, hizo ni Sh28,600. Na tuseme mkulima analipwa Sh20 kwa kilo ya majani mabichi: atahitaji kilo 1,430 ili kugharimia mhusika mmoja wa kubuni.

Serikali kadhaa zimeliona tatizo hili. Japan ilipiga marufuku aina moja ya gacha mwaka wa 2012. Ubelgiji ilitangaza mwaka wa 2018 kuwa masanduku ya bahati yanayouzwa michezoni ni kamari. Nchini Marekani, Januari 2025, wasambazaji wa Genshin Impact walikubali kulipa dola milioni 20 na kutowauzia walio chini ya umri wa miaka 16 masanduku hayo bila idhini ya mzazi. Humu nchini, sheria mpya ya kudhibiti kamari iliyotiwa saini Agosti 2025 inamzuia asiyetimiza miaka 18 kucheza kamari.

Lakini sheria haimkingi mzazi ambaye mtoto wake anaijua nambari ya siri ya M-Pesa. Hatua ya kwanza, basi, ni kuibadilisha nambari hiyo na kutoiweka wazi. Ya pili ni kurekebisha duka la programu katika simu ili lidai idhini kwa kila ununuzi. Ya tatu ni kukumbuka bando: michezo mikubwa ya aina hii huhitaji gigabaiti nyingi kabla ya adui wa kwanza kuonekana, na gharama hiyo humwangukia hata asiyenunua chochote.

La muhimu zaidi ni mazungumzo. Mtoto anayecheza anajifunza kupanga mikakati, kushirikiana na wageni na hata kusoma lugha za watu. Haifai kumpokonya simu bila kumweleza lolote. Na aulizwe: kitu hiki kinauzwa kwa shilingi ngapi, si kwa fuwele ngapi? Uwezekano wa kukipata ni upi? Mchezo ukifungwa kesho, kitabaki wapi?

Haba na haba hujaza kibaba, na ndivyo pia kinavyomwagika. Ununuzi wa Sh100 leo na Sh200 kesho hauonekani kuwa hasara hadi siku ya kulipa karo, wakati mkulima anapofungua simu yake na kukuta kwamba sehemu ya bonasi aliyoingoja mwaka mzima imekwisha kugeuka upanga.