Mmea wa Afrika wenye majina ya ugenini, na taabu ya kuueleza kwa Kiswahili

Wiki mbili zilizopita, mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili aliniletea kazi ya tafsiri. Alikuwa ameombwa aandike maneno ya Kiswahili ya kibao kitakachowekwa mbele ya mmea fulani katika bustani ya mafunzo. Maelezo ya Kiingereza yalikuwa mstari mmoja tu, naye aliugeuza hivi: “Mtishamba wa kudumu wa Afrika wenye utamu nusu.” Nilicheka hadi nikavua miwani. “Lakini Prof, kamusi ndiyo imesema,” akajitetea.

Na kweli kamusi yake ya mfukoni ilikuwa imesema. Neno lililomponza, likitamkwa mezani, ni sifa ya chakula kitamu chenye majimaji. Likitamkwa na mwanabotania, ni sifa ya mmea unaoweka akiba ya maji katika majani au shina lake. Nikamwambia aniachie karatasi nimsahihishie. Kumbe nilijitafutia kazi! Jioni nzima nilikaa na mstari ule mmoja, na kila nilichoandika nilikifuta.

Mmea wenyewe si mgeni kwangu. Uko kwenye chungu mlangoni pa jikoni yetu, ambako mama watoto aliupanda baada ya kuununua kwa muuza miche wa kando ya barabara, aliyemwambia ati ni oregano. Jina lake la kitaalamu ni Coleus amboinicus. Basi nikachukua tochi nikatoka nje kuukagua, jambo ambalo sikuwa nimelifanya miaka yote sita ambayo tumeishi nao.

Ukilishika shina lake changa na kuliviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada, utahisi haliviringiki vizuri. Lina pande nne, ingawa pembe zake zimefifia. Hiyo ni dalili ya ukoo wa mnanaa, ambao wataalamu huuita Lamiaceae. Humo wamo mrehani unaopendwa sana Pwani, rozmari, na hata mtiki, mti mkubwa wa mbao ambao mtu hangeudhania kuwa na undugu na mnanaa. Majani hutoka mawili mawili yakitazamana, na kila jozi hukingama na ile iliyo chini yake, hivi kwamba ukiuangalia mche kutoka juu unaona msalaba.

Jani ndilo lenye habari nyingi zaidi. Ni pana, lina umbo linalokaribia yai, urefu wake aghalabu ni sentimita 5 hadi 7, na ukingo wake una meno butu ya mviringo. Limefunikwa vinyweleo vinavyolipa rangi ya kijani iliyofifia, kana kwamba limepakwa vumbi jembamba. Baina ya vinyweleo hivyo, hasa upande wa chini, kuna tezi ndogo mno zenye mafuta. Ukilipapasa tu, tezi hupasuka na harufu kali hukufikia puani. Harufu hiyo hutokana na kemikali mbili, kavakroli na thimoli, ambazo ndizo pia zinazoipa oregano na taimu harufu zake. Muuza miche hakudanganya sana basi. Alichotumia ni pua. Mmea huu na oregano ni wa ukoo mmoja lakini wa jenasi tofauti, kama binamu wanaofanana sauti.

Sasa lile neno lililotutatiza. Ukivunja jani la mshubiri, ute hutiririka, na jani hilo unaweza kulisahau kabatini siku nyingi likabaki bichi. Ukichuma mchicha asubuhi, jioni umenyauka. Jani la mmea wetu liko katikati. Ni nene, huvunjika kwa mlio, kidole hulowa, lakini akiba yake ya maji si ya kujivunia. Shina nalo hujaa maji likiwa changa, kisha likizeeka huanza kukakamaa karibu na udongo. Kwa hiyo ule “nusu” wa mwanafunzi wangu ulikuwa mahali pake. Kilichokosewa ni “utamu”.

Maua huonekana kwa nadra nyumbani, kwa sababu watu huupanda kwa vipandikizi na kuukatakata kila uchao. Wangu umechanua mara moja tu. Maua ni madogo, ya zambarau hafifu, yamejipanga kwa mafungu kuuzunguka ufito wa juu. Kila ua lina midomo miwili, na ule wa chini umebonyea kama dau. Ndani ya dau hilo hulala stameni nne ambazo vikonyo vyake vimeungana chini vikafanya mrija. Mrija huo ndio ulioipa jenasi jina lake. Mwaka wa 1790, João de Loureiro, Mreno wa shirika la Wajesuti, aliliunda jina Coleus kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya ala, ile ala ya kisu au upanga. Kiswahili kina neno hilo, fupi na la kila siku, lakini hatujawahi kulitumia hapa. Tukilitohoa jina lenyewe bila kufikiri tutapata “koleo”, ambalo tayari ni la mhunzi. Mimi ninapendekeza koleasi.

Jina la pili, amboinicus, linatupeleka mbali zaidi. Linatokana na Ambon, kisiwa kilichoko Indonesia, ambako mmea huu ulifikishwa na watu. Asili yake ni huku, Afrika ya mashariki na kusini, na ng’ambo ya bahari hadi Uarabuni na India. Majina ya mitaani nayo hayasaidii. Kuna wauitao oregano ya Kuba, wengine mnanaa wa Mexico, wengine taimu ya Uhispania. Jina lenye neno Afrika sijakutana nalo. Wataalamu wenyewe waliuhamisha kwa miaka mingi ukaitwa Plectranthus, hadi utafiti wa mwaka 2019 ulipourudisha Coleus, jenasi ambayo sasa ina spishi karibu 300. Vibao vingi bado vina jina la zamani.

Hata hivyo, kosa lililonikosesha usingizi halikuwa “utamu”. Lilikuwa “mtishamba”. Mwanabotania akitumia neno lake hamaanishi dawa. Anamaanisha mmea ambao shina lake halifanyi ubao mgumu. Kwa maana hiyo hata mgomba umo, japo una kimo cha nyumba. Lakini kwa Mkenya wa kawaida, mitishamba ni tiba, na kibao chenye neno hilo ni sawa na maagizo ya daktari.

Nina sababu ya kuogopa. Kwetu Murang’a, jamaa ya mmea huu ni muigoya, Coleus barbatus. Tulivundika ndizi kwa majani yake mapana, na kwa kuwa vinyweleo vyake ni laini kama bafta tuliyatumia chooni, wala sioni haya kusema. Mwaka jana jirani yangu mstaafu alisoma mahali kwamba mmea huo ni mtishamba wa moyo, akachimba mizizi na kuanza kuichemsha, huku akimeza vidonge vya shinikizo la damu. Kuna ukweli kidogo humo. Miaka ya 1970 wanasayansi nchini India walitoa katika mizizi ya spishi hiyo kemikali iitwayo forskolini, nayo hushusha shinikizo la damu. Sasa ongeza vidonge vinavyofanya kazi iyo hiyo! Alipoanza kupata kizunguzungu ndipo alipomweleza daktari wake, na sufuria ikawekwa kando. Na kama angechimba koleasi ya mlangoni kwangu kwa kuwa zote “ni mitishamba”?

Nilimrudishia mwanafunzi karatasi ikiwa na maneno haya: “Mmea usiofanya ubao, unaoishi miaka mingi, asili yake Afrika, majani yake manene huweka maji kiasi.” Akayahesabu kwa kidole. “Prof, fundi amesema kibao kinatosha maneno manane.” Nikapunguza: “Mmea laini wa kudumu wa Afrika, wenye majimaji.” Akasema saba yametosha, lakini “laini” watu watadhani ni kuhusu kuligusa jani, nalo lina vinyweleo vinavyokwaruza kidogo. Ana haki. Tumebakiwa na nafasi ya neno moja, na fundi anasubiri.