Heliamu ya Bonde la Ufa na Elimu ya Kwanta

Chini ya Mlima Hanang, ambao kilele chake kinazidi meta 3,400 juu ya usawa wa bahari, limetanda Ziwa Balangida, linalojulikana tangu kale kwa chumvi yake. Kaskazini, ng'ambo ya nyanda za juu za Mbulu na bonde la Yaeda, lipo Ziwa Eyasi. Maziwa yote mawili yamo katika Bonde la Ufa, na sehemu hizo, pamoja na bonde la Rukwa, ni miongoni mwa zile ambazo wanajiolojia wamezitaja katika utafutaji wa gesi ya heliamu nchini Tanzania.

Asili ya gesi hii ni somo kamili la fizikia. Mwaka 1868 heliamu ilitambuliwa katika mwanga wa jua. Mwaka 1895 William Ramsay aliipata hapa duniani, ndani ya jiwe lenye urani. Kiini cha atomu ya urani hutupa nje chembe ya alfa, yenye protoni mbili na nutroni mbili. Chembe hiyo ikijipatia elektroni mbili, huwa atomu ya heliamu.

Lakini chembe hiyo hutokaje? Kwa sheria za Newton haina nishati ya kutosha kukivuka kizuizi kilichokizunguka kiini. Ni kama ndama aliyefungiwa ndani ya boma la miiba asiloweza kuliruka. Mwaka 1928 George Gamow, na kwa upande wao Ronald Gurney na Edward Condon, walilifumbua fumbo hilo kwa fizikia ya kwanta. Chembe ndogo namna hii ina tabia ya wimbi pia, na wimbi halikomi ghafla penye kizuizi; sehemu yake ndogo mno hupenya hadi upande wa pili. Basi uwezekano wa chembe kutoka ni mdogo sana, lakini si sifuri. Ndiyo maana urani ya namba 238 huchukua miaka milioni 4,500 hivi ili nusu yake igeuke.

Miamba ya kale ya katikati ya Tanzania, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500, imelimbikiza heliamu kwa muda huo wote. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham walieleza kwamba joto la volkano za Bonde la Ufa huifungua gesi hiyo kutoka miambani. Isipozuiwa na tabaka lisilopenyeka, hupanda hewani na hatimaye hupotelea katika anga za juu.

Thamani yake imo katika baridi. Mwaka 1908 Heike Kamerlingh Onnes, katika Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, aliigeuza heliamu kuwa kioevu, kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Mwaka 1911 aligundua kwamba zebaki iliyopozwa kiasi hicho hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Leo heliamu hupoza sumaku za mashine za hospitali zinazopiga picha za ndani ya mwili, na hutumika katika maabara za vyuo vikuu zinazounda kompyuta za kwanta.

Mwaka 2024 kisima cha Itumbula, huko Rukwa, kilitoa gesi yenye heliamu. Hapana budi kujiuliza: je, nchi itauza gesi na kununua mitambo tu, au itakuwa na wataalamu wake wa kuipima, kuisafisha na kuitumia? Gesi ikishauzwa hairudi. Ujuzi hubaki na kuzaa ujuzi mwingine. Msingi wa ujuzi huo huwekwa katika fizikia na hisabati ya kidato cha tano na cha sita, kisha hujengwa katika shahada za vyuo vikuu.

Shule isiyo na vifaa vingi yaweza kuanza na sarafu 100. Zirushwe zote, zilizoonyesha kichwa ziondolewe, zilizobaki zirushwe tena, na hesabu ichorwe kwenye grafu. Hakuna awezaye kutaja ni sarafu ipi itakayoondoka, lakini kila mara karibu nusu huondoka. Hivyo ndivyo atomu za urani zinavyotoweka chini ya Hanang na Mbulu, na mwanafunzi aliyeichora grafu hiyo amekwisha kuingia katika mlango wa fizikia ya kwanta.