Baiskeli ya mizigo: kwa nini fremu ya chuma bado ina faida mpakani

Katika mipaka mingi ya Afrika Mashariki na nchi jirani, baiskeli si chombo cha mazoezi bali ni gari la mizigo. Busia, kati ya Kenya na Uganda, ndiko lilikozaliwa neno bodaboda katika miaka ya 1960 na 1970, pale waendesha baiskeli walipokuwa wakivusha watu na bidhaa kutoka kituo cha mpaka cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Pikipiki imechukua sehemu kubwa ya abiria, lakini magunia ya nafaka, mikungu ya ndizi na kreti za soda bado hupakiwa kwenye keria ya baiskeli.

Mnunuzi wa leo, hata hivyo, hukuta dukani aina nyingi kuliko zamani. Kando ya baiskeli nzito za chuma kutoka India na China, kuna za alumini, nyingine mitumba kutoka ng'ambo, zinazong'aa na kunyanyuka kwa mkono mmoja. Je, msafirishaji anunue ipi, na mwenye duka aagize ipi? Kwa kazi ya mizigo jibu ni chuma, na sababu si mazoea bali ni hesabu.

Wepesi unasaidia kiasi gani?

Lita moja ya chuma ina uzito wa takriban kilo 7.85, na ya alumini kilo 2.7. Lakini ugumu wa alumini dhidi ya kupinda nao ni kama theluthi moja tu ya ule wa chuma. Ili fremu isiyumbe, kiwanda hulazimika kutumia mabomba manene zaidi, na sehemu ya nafuu ya uzito hupotea.

Tuseme fremu ya alumini inapunguza kilo 2. Baiskeli ya chuma yenye kilo 22, mwendeshaji wa kilo 65 na mzigo wa kilo 100 hufanya jumla ya kilo 187. Kilo 2 hizo ni kama asilimia 1 tu. Kwa mshindani wa mbio zisizo na mzigo hiyo ni faida, ila kwa mbeba magunia ni sawa na kupunguza debe dogo la maji.

Uchovu wa metali

Kila shimo la barabarani huipinda fremu kidogo, kisha hurudi. Chuma kina kiwango cha mkazo ambacho, kisipovukwa, kinaweza kuhimili mipindo mamilioni bila kuanza ufa. Alumini haina kiwango hicho. Hata mkazo mdogo huacha alama yake, na alama hizo hujumlika hadi ufa utokee, mara nyingi karibu na kiungo kilichochomelewa. Ndiyo maana fremu ya alumini ya mtumba ni bahati nasibu: mnunuzi haoni imekwisha kupokea mipindo mingapi.

Aidha, chuma hupinda kabla ya kukatika, na ufa wake kwa kawaida hukua polepole. Rangi hupasuka, kutu hujitokeza kwenye mstari, na fremu huanza kulia. Mwenye macho hupata nafasi ya kuteremsha mzigo. Fremu ya nyuzi za kaboni, ambayo ni nyepesi kuliko zote, ikigongwa vibaya inaweza kuumia ndani bila dalili nje, kisha ikavunjika ghafla.

Fundi wa karibu

Hapa ndipo penye uzito mkubwa wa hoja. Fremu ya chuma inaweza kuungwa kwa gesi na vijiti vya shaba, au kwa mashine ya umeme, na vifaa hivyo hupatikana katika miji mingi ya mpakani. Fundi anapaswa kuwa mwangalifu tu, kwa kuwa mabomba ni membamba na umeme mkali huyatoboa.

Alumini ni kazi nyingine. Yenyewe huyeyuka kwenye nyuzi joto 660 za Selsiasi, lakini utando wa oksidi juu yake huyeyuka karibu nyuzi 2,000. Kuiunga sawasawa kunahitaji mashine maalumu na gesi ya agoni. Hata ikiungwa, joto hupunguza nguvu ya eneo linalozunguka kiungo, na aina nyingi za fremu huhitaji kupashwa upya katika tanuri la kiwandani ili zirudi kama zilivyokuwa.

Kwa msafirishaji, siku ambayo baiskeli imelala ni siku isiyo na kipato. Na kama mzigo ni samaki au nyanya, hasara humfikia pia mwenye mali.

Chuma nacho kina kasoro

Adui wake ni kutu, hasa ukanda wa ziwa ambako unyevu ni mwingi, na pwani ambako pia kuna chumvi. Rangi ikichubuka, ipakwe mapema. Bomba la kiti lipakwe grisi, na maji yasiachwe kutuama ndani ya fremu. Kadhalika, si kila chuma ni sawa. Zipo baiskeli za bei rahisi zenye mabomba membamba na viungo vilivyochomelewa ovyo, ambazo hazifai mizigo hata kama ni za chuma.

Kabla ya kulipa

Beba sumaku ndogo, kwa sababu rangi huficha metali. Sumaku hunata kwenye chuma cha kawaida lakini hainati kwenye alumini. Kagua viungo vya shingo ya usukani na vya pedeli, na tazama kama keria imefungwa imara karibu na ekseli ya nyuma. Zungusha gurudumu uone kama limenyooka katikati ya fremu.

Kwa mwagizaji, kitabu cha ushuru hakitofautishi metali. Baiskeli nzima isiyo na mota huingia chini ya namba 8712.00, iwe ya chuma au ya alumini, na fremu au uma pekee chini ya 8714.91. Kodi nyingi za kuingiza bidhaa hukokotolewa kwa asilimia ya thamani pamoja na bima na nauli, hivyo kila shilingi ya ziada iliyolipwa kwa ajili ya wepesi huongeza pia kodi.

Anayekwenda kazini bila mzigo kwenye lami nzuri anaweza kufurahia alumini. Anayeishi kwa keria apige hesabu ya safari atakazofanya hadi fremu ife, siyo bei ya dukani wala kilo za baiskeli ikiwa tupu.